Vitabu Nilivyomchagulia Nyemo

Wadogo zangu kazini, wa chumba cha watoto maktabani,

Siku ya kuniaga mlinipa vitenge viwili na saa ya ukutani, kisha mkanipa kipaza sauti. Vitenge nimevivaa na saa nimeitundika, ila kwenye kipaza sauti sikusema lolote la maana, kwa sababu nililia, na sauti ya mtu mzima anayelia kwenye spika inatisha watoto. Mmoja wenu akanifuata nje akasema, "Basi Mama Yulitha, uandike." Nimekaa nyumbani wiki tatu nikijifanya nina kazi ya kupanga kabati. Kabati limepangika. Naandika.

Habari za vyeo nitaziruka. Nilianza nikiwa msaidizi wa maktaba, nikastaafu nikiwa na cheo chenye jina refu zaidi, kazi ikiwa ile ile. Nataka niwaeleze jambo moja ambalo hatukufundishwa chuoni na ambalo mtaulizwa kila siku ya kazi: mtoto mdogo anayependa kusoma, umpe kitabu gani.

Niliingia maktaba yetu nikitokea Chamwino, nikiwa na miaka ishirini na minne, cheti kwenye bahasha na viatu vya dada yangu miguuni. Nilidhani kazi ya mkutubi ni kuwanyamazisha watu. Aliyenipokea alikuwa Mzee Salimu, Mrangi wa Kondoa, mkuu wa chumba cha watoto, mtu mwenye gundi iliyokauka kwenye vidole vyote kumi. Hakunionyesha meza. Alinipa kitambaa, akanipeleka kwenye rafu ya kwanza karibu na dirisha.

"Pangusa," alisema. "Ukishapangusa kitabu, kisome. Ukimaliza kukisoma, pangusa kinachofuata."

"Vyote, mzee?"

"Vumbi liko kwenye vyote."

Mnaijua Dodoma ya mwezi wa nane, upepo ule. Nilipangusa siku tatu. Siku ya nne nikamwambia nimemaliza rafu nzima. Akavuta kitabu kimoja chembamba akaniuliza yule mbuzi wa katikati ya hadithi alikuwa wa rangi gani. Sikujua. Nilikuwa nimesoma kurasa za mwanzo na za mwisho, kama tulivyozoea kufanya wakati wa mitihani.

"Hiki umekutana nacho njiani," alisema, akakirudisha mahali pake. "Hujakisoma."

Kwa Mzee Salimu nilijifunza kazi za mikono kwanza. Kushona mgongo wa kitabu kwa sindano ndefu na uzi uliopakwa nta. Kupika gundi ya unga wa ngano isiyovutia mende. Kusugua ukingo wa kurasa kwa msasa laini ili alama za vidole zitoke. Vitabu vya watoto havimalizwi na wezi, vinamalizwa na vyakula. Chai unaweza kuisamehe. Mlenda ukikauka katikati ya kurasa mbili, hiyo ni ndoa, hakuna wa kuzitenganisha.

Kisha akanifundisha kuwatazama wasomaji. Alisema usimwulize mtoto anapenda vitabu gani, maana atakutajia kile anachodhani unataka kusikia. Mwulize kitabu gani amekisoma mara mbili. Na ukimpa kipya, usimwangalie usoni, mwangalie miguu. Mtoto aliyekolea hadithi husahau miguu yake, utaiona imening'inia au imejikunja chini ya kiti. Anayechoka hubadilisha mguu kila ukurasa. Nilicheka aliposema hivyo, lakini miaka zaidi ya thelathini nimeitazama miguu ile, na sijaona ikidanganya.

Alipostaafu akarudi Kondoa, akaniachia chumba, sindano, na shida moja ambayo hata yeye hakuitatua. Upande mmoja tulikuwa na vitabu vyembamba vya picha, sentensi mbili kila ukurasa. Upande wa pili tulikuwa na riwaya za wakubwa, zenye mauaji, ulevi na mapenzi. Katikati hapakuwa na kitu, au palikuwa na kidogo mno. Namaanisha hadithi ndefu iliyogawanywa sura, yenye maneno ambayo mtoto wa darasa la tatu anayaweza na mambo ambayo moyo wake unayaweza. Watoto wengi hawakulihisi pengo hilo, kwa sababu walipofika darasa la tatu waliacha kusoma wakaenda kucheza. Aliyelihisi ni yule mmoja mmoja asiyeacha.

Mmoja wao alikuwa Nyemo.

Alikuja miaka saba iliyopita, wakati ofisi nyingi za serikali zimekwisha hamia huku na mji umejaa watu wanaoulizana njia. Mama yake, Joyce, alikuwa karani katika ofisi moja kule Mtumba. Shule ya mtoto ilikuwa karibu nasi, kwa hiyo walikubaliana kwamba akitoka darasani aje maktaba, amsubiri mama yake hadi saa kumi na moja na nusu. Alikuwa na miaka minane, soksi moja juu moja chini, na alisoma akiwa amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ameukunja nyuma ya goti, kama korongo. Siku ya kwanza alisoma vitabu vinne vya picha, akavirudisha kwenye rafu kwa mpangilio mzuri kuliko nilivyovipanga mimi.

"Shikamoo," alisema. "Mna kitabu ambacho hakiishi haraka?"

"Marahaba. Kipi umekisoma mara mbili?"

Akafikiri. "Cha kuku aliyehama. Lakini mara ya pili niliruka pale anaponyeshewa."

Nilimwelewa hapo hapo. Kichwa cha Nyemo kilikuwa cha mtoto wa miaka kumi na miwili na moyo wake ulikuwa wa miaka minane, tena minane laini. Alilelewa na bibi yake huko Mvumi hadi alipofikisha miaka saba, ndipo mama yake akamchukua aje kuanza shule mjini. Kila nilipompa kitabu aliuliza kwanza, "Kuna mtu anapotea humu?" Si kwa woga wa kujidekeza. Aliuliza kama vile mtu anavyouliza kama kwenye chakula kuna pilipili, ili ajiandae.

Basi nikaanza kumtafutia. Nilinunua daftari la kurasa mia mbili nikaandika humo kila kitabu cha sura nilichokisoma kwa ajili yake. Niliandika kama sura ni fupi, zinazoweza kumalizwa kwa mkao mmoja. Niliandika kama sura inaishia mahali ambapo mtoto anaweza kufunga kitabu akala bila kuwaza, au kama mwandishi ni wale wanaomwacha mtu ananing'inia kwenye tawi. Kama wakubwa wa kwenye hadithi wakisema watarudi wanarudi. Kama mnyama aliyepewa jina anafika ukurasa wa mwisho akiwa mzima. Mnyama asiye na jina watoto humvumilia, mwenye jina hapana. Niliandika hata kuhusu michoro, maana niliona kitabu kimoja cha upole kabisa ambacho mchoraji alikuwa amemchora mjomba kama jambazi, na watoto waliamini picha.

Kwa njia hiyo tulikwenda mwaka mzima. Nilimpa kitabu cha familia inayohama na ng'ombe wao, kingine cha wasichana wawili wanaoanzisha bustani ya shule, kingine cha fundi saa na paka wake. Nyemo alivimaliza vyote. Miguu yake niliiona imekunjika chini ya kiti kila siku. Nami nikaanza kujisifu moyoni, na hapo ndipo mambo huharibika.

Kosa lenyewe nililifanya siku ya Ijumaa. Tulikuwa tumepokea sanduku la vitabu vya msaada, na umeme ulikuwa umekatika, na kulikuwa na wageni wa ukaguzi wakitaka chai. Katika sanduku nikaona kitabu cha sura kumi chenye jalada zuri mno: msichana na bibi yake wakivuna zabibu. Nikasoma sura nne nikiwa nimesimama. Zilikuwa tamu, za vichekesho. Nikafungua ukurasa wa mwisho, watu walikuwa wanacheka shambani. Nyemo alikuwa amesimama mbele yangu kwa mguu mmoja. Nikampa.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Jumatano alikuja mama yake peke yake, kitabu amekifunga kwenye mfuko wa plastiki kama kitu kilichooza.

Joyce ni mtu wa sauti ya chini. "Mama Yulitha," alisema, "hiki ulikisoma?"

Nikasema nimekisoma. Kisha nikasema ukweli. "Nimesoma sura nne."

Akakaa. Akanieleza kwamba siku mbili kabla ya ile Ijumaa mama yake, Bibi Damari, alianguka akitoka kisimani, akavunjika nyonga, na sasa amelazwa hospitali kule Mvumi akisubiri upasuaji. Nyemo alikuwa amepokea habari hizo vizuri, akachora hata picha ya kumpelekea. Halafu akafika sura ya sita ya kitabu changu. Katika sura ya sita bibi wa hadithi anaanguka shambani, anapelekwa hospitali. Mtoto akageuza ukurasa, akaona jina la sura ya saba: "Kiti Kitupu." Akafunga kitabu. Tangu hapo hajakifungua, na amekataa katakata kwenda Mvumi.

"Anasema hataki kwenda sura ya saba," alisema Joyce. "Nikimwambia tunakwenda kumwona Bibi, anasema tukienda ndiyo itatokea. Na mama kila siku ananiuliza kwenye simu, Nyemo yuko wapi, mbona haji. Upasuaji ni Jumatatu."

Hakunilaumu kwa neno lingine lolote. Ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Alipoondoka nilikaa mezani nikakisoma kitabu chote. Sura ya saba bibi anafariki. Kilikuwa kitabu kizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angepewa mtoto mwingine, au Nyemo mwenyewe mwaka mwingine, kingefaa sana. Sikuwa na wa kumsingizia, wala mwandishi, wala sanduku, wala wakaguzi na chai yao.

Jumamosi nilikwenda nyumbani kwao, Ipagala. Nilimkuta Nyemo kibarazani anachambua mchele. Aliponiona alishika ungo kwa mikono miwili. Joyce akaleta kigoda, akataka kwenda kuchemsha chai, nikamwomba abaki.

"Nyemo," nikasema, "nimekuja kukuomba radhi. Nilikupa kitabu ambacho nilikuwa sijakimaliza. Nilikwambia ni kizuri na sikuwa najua."

Joyce alitazama pembeni. Si kawaida yetu mtu wa rika langu kumwomba radhi mtoto wa darasa la tatu, na nadhani alinionea aibu. Lakini Nyemo aliweka ungo chini.

"Bibi wa kitabuni anakufa?"

Nawaambia kweli, nilikuwa na uongo mdomoni tayari, mzuri, umekwisha pangika. Nikautazama ule uso, nikaona kwamba nikimdanganya sasa hatachukua tena kitabu mkononi mwangu, na haki atakuwa nayo.

"Ndiyo. Anakufa kwenye sura ya saba."

"Kwa sababu ya kuvunjika?"

"Hapana. Alikuwa na ugonjwa wa moyo siku nyingi. Hakumwambia mtu."

Akachukua punje moja ya mchele yenye ganda, akaitoa, akaiweka kando. Kisha nyingine. "Bibi yangu ana ugonjwa wa moyo?"

"Sijui," nikasema. "Wa kumwuliza ni yeye mwenyewe."

Alichambua punje nyingi kabla hajajibu. Hatimaye Nyemo alisema, "Nitamwuliza mlangoni. Nisiingie ndani."

"Sawa," nikasema. "Mlangoni patatosha."

Siku ya pili baada ya ibada tulikwenda wote watatu. Nyemo aliniambia nichukue na kile kitabu, sikumwuliza kwa nini. Njia nzima alitazama tu mashamba makavu na mbuzi wa watu.

Wodi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi hivi, na cha Bibi Damari kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni. Alikuwa mama mrefu, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, mguu mmoja umevutwa kwa kamba yenye uzito. Nilimwamkia, akanijibu kwa Kigogo, kisha akahamia Kiswahili chake cha taratibu, kila neno analiweka mahali pake kama mtu anayepanga vyungu. Lakini macho yake yalikuwa mlangoni.

Nyemo alikuwa amesimama kizingitini kwa mguu mmoja.

"Shikamoo Bibi," alisema kutoka kule.

"Marahaba. Umenikimbia."

"Bibi, una ugonjwa wa moyo?"

Mama wa kitanda cha pili aliacha kumenya chungwa.

"Nani kasema?"

"Hakuna. Nauliza."

"Waliupima juzi," Bibi alisema. "Waliweka kamba kifuani, mashine ikatoa karatasi ndefu. Daktari akasema mama, moyo huu ni wa mkulima. Mimi nikamwambia ningekuambia hilo bila mashine."

Watu walicheka. Nyemo hakucheka. "Na Jumatatu utapona?"

Nilijua Joyce anataka kusema ndiyo. Bibi Damari akamwonyesha kwa mkono asiseme.

"Daktari anasema nitapona," alisema. "Mimi Jumatatu siijui, sijawahi kufika. Nimeamua kumwamini. Wewe njoo hapa, tuamini wawili."

Mtoto akaingia. Aliingia taratibu, kama anayevuka mto kwa mawe, kitanda cha kwanza, cha pili, kisha akaweka kichwa chake kwenye mkono wa bibi yake, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Joyce alijifanya anatafuta kitu kwenye kikapu. Mimi nilisoma maandishi ya kwenye chupa ya maji, yote, mpaka anuani ya kiwanda.

Baadaye Joyce alimweleza Bibi yote, naye akauliza kitabu kilichomtisha mtoto kiko wapi. Nikakitoa. Alikigeuza akatazama jalada.

"Soma," akamwambia Nyemo. "Hapo ulipoogopa."

"Bibi, ni sura ya saba."

"Ndiyo hiyo. Nisikie."

Nyemo alikaa pembeni ya kitanda, mguu mmoja ameukunja, akasoma. Alipofika mahali penyewe alikwama, Bibi akamshika kisigino, kilichokuwa karibu na mkono wake, naye akaendelea. Akasoma mpaka mwisho wa sura. Alilia, lakini alilia huku akisoma, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Bibi Damari alifikiri. "Huyu bibi wa kitabuni alikuwa akiishi na nani?"

"Peke yake."

"Nani alimchotea maji?"

"Hawajasema."

"Na mwandishi kammaliza kwa ukurasa mmoja. Mtu mzima, mwenye shamba la zabibu. Hata majirani hawajafika." Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli, si kwa marehemu, ila kwa mwandishi. "Haya, sura ya nane inasemaje?"

"Bibi, saa ya kuona wagonjwa inaisha."

Mama wa chungwa akasema kutoka kitanda cha pili, "Hebu soma, mwanangu. Muuguzi mwenyewe kakaa."

Ni kweli, muuguzi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda kitupu, karatasi zake magotini. Nyemo alisoma sura ya nane, ya tisa na ya kumi. Kufikia mwisho, pale watu wanapocheka shambani, alisoma kwa sauti ya mtu anayewatangazia wengine habari njema.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bibi Damari alibaki wodini wiki kadhaa, akajifunza kutembea kwa magongo mawili, kisha Joyce akamleta kukaa naye Ipagala, kwa kuwa kisima cha Mvumi hakikuwa tena cha miguu ile. Nyemo alirudi kwangu. Kwa mwezi mzima kila kitabu nilichompa aliniuliza, "Umekimaliza?" nami nilimjibu rangi ya mbuzi kabla hajaiuliza.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini iliyobaki ndiyo iliyonifundisha kazi.

Alasiri moja Bibi Damari alikuja mwenyewe na Nyemo. Alipanda ngazi zetu nne, akipumzika kila moja, akaingia, akakaa kwenye kiti cha watoto ambacho magoti yake yalifika kifuani, akasema anataka kuandikishwa.

"Upande wa watu wazima ni mlango wa pili, mama," nikamwambia.

"Sitaki kule. Nataka vya huyu, nivisome kabla yake."

Alijifunza kusoma akiwa binti, kwenye madarasa ya watu wazima chini ya paa la kanisa, na tangu hapo alikuwa amesoma Biblia na karatasi za kliniki. Alisoma kwa kidole, midomo ikisogea. Kitabu kilichomchukua Nyemo siku mbili kilimchukua yeye wiki mbili. Tukapanga hivi: vile nilivyovijua mimi vizuri, Nyemo achukue moja kwa moja, vile vilivyonitia wasiwasi, vipite kwa Bibi kwanza. Akimaliza ananiletea hukumu, nami naiandika kwenye daftari.

Hukumu zake sikuzitarajia. Kitabu kimoja nilichokiona cha upole kuliko vyote, hakuna kifo wala ugomvi, alikirudisha amekunja uso. "Huyu mtoto anakosa kidogo tu, na nyumba nzima inamnunia siku tatu. Usimpe." Kingine alikikataa kwa sababu ya mama wa kambo. "Mimi nimelelewa na mama wa kambo," alisema. "Alikuwa akinipa nyama ya kwake. Kwa nini kwenye vitabu wote ni wabaya?" Tulikitafutia kitabu hicho mwenzake, chenye mama wa kambo mwema, na tukamaliza miezi mitano bila kukipata. Kingine alikikataa kwa sababu mwandishi alisema uwele unavunwa kama mahindi.

Kisha nikampa Bibi, kwa hofu, kitabu chenye msiba mkubwa katikati. Baba anafariki. Nilikuwa nimekwisha kiwekea alama nyekundu. Wiki mbili zikapita, Bibi akakirudisha, akaweka kiganja chake juu ya jalada.

"Humu kuna msiba," alisema. "Lakini watu wanakuja. Wanapika. Shangazi analala na yule mtoto kitanda kimoja. Wanamwachia aulize maswali. Hakuachwa peke yake hata ukurasa mmoja. Mpe."

Nilimpa. Nyemo alikisoma mara mbili, wala hakuruka pale.

Jioni ile nilifungua daftari langu, lile la wanyama wenye majina na sura zinazoning'inia, nikachora mstari wa wima kwenye kila ukurasa, nikaongeza safu mpya. Juu yake nikaandika: Nani yuko naye? Kwa kila kitabu, pale mahali pagumu zaidi, niliandika nani amekaa na mtoto. Kama hayupo mtu, hata mbwa, hata jirani, kitabu hicho nilikiacha kwa wakubwa. Daftari liko kwenye droo ya kulia, chini ya gundi. Ni lenu sasa. Mwandiko wa mwisho mwisho ni mbaya, macho yalikuwa yamechoka.

Nyemo yuko sekondari ya bweni Kongwa. Anasoma vitabu ambavyo mimi sivijui, anaviazima kwa walimu, na likizo akija huniuliza kama nimevisoma, nami najibu bado, naye huniambia kwa upole nisisome hiki, kitanisikitisha, nianze na kile. Soksi zote mbili sasa ziko juu.

Wiki yangu ya mwisho kazini Joyce alimleta Bibi Damari. Amezeeka, magongo hajayaacha, na mkono mmoja umeanza kutetemeka. Nilikuwa nimemwekea kitabu kipya cha sura, hadithi ya mtoto na punda. Alikipapasa akakirudisha juu ya meza.

"Mtoto amekua," alisema. "Sasa nipe cha kwangu."

"Cha namna gani, mama? Cha upole?"

"Hapana. Vya upole nimesoma vingi mno. Nipe chenye ugomvi."

Nilimshika kiwiko tukaenda mlango wa pili, upande wa watu wazima, taratibu. Nilimchagulia riwaya ya ndugu watatu wanaogombea shamba, niliyokuwa nimeisoma ujanani mwanzo mpaka mwisho, kurasa mia nne na zaidi, maandishi madogo. Joyce alipouona unene wake alinitazama kwa wasiwasi. Bibi Damari alikipima kitabu kwa mkono mmoja, akakifungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akalisoma, kisha la pili.

"Hiki ni kirefu, mama," nikamwambia. "Kwa mwendo wako kitakuchukua mwaka mzima."

"Mwaka ninao," alisema, akanipa kadi yake nimwandikie.